Arnhem Land: Kibali Kabla ya Safari, Ruhusa Kabla ya Mchoro

Kila mara habari za sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia zinaposambaa upya mitandaoni, dawati letu la uhifadhi hupokea maswali yaleyale, mengi yakitoka kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Australia: namna ya kufika kisiwa zilikookotwa, huko Arnhem Land kaskazini mwa Australia, kama inaruhusiwa kwenda na mashine ya kutambua metali, na mahali pa kununua picha zinazochorwa kwa nukta za wenyeji asilia (Waaborijini) wa huko. Hatuna shaka na nia njema ya waulizaji. Hata hivyo, maswali yote matatu yanachukulia kwamba eneo hilo halina mwenyewe, na dhana hiyo ndiyo inayowaingiza watu matatani.

Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa Jeshi la Anga la Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, aliokota sarafu kwenye ufuko wa kisiwa cha Marchinbar. 4 zilikuwa za Kiholanzi na 5 za shaba kutoka Kilwa. Sarafu hizo zinathibitisha kwamba sarafu zilifika. Hazithibitishi kwamba nahodha wa Kilwa alitia nanga pale, wala kwamba wenyeji ni ndugu zetu waliopotea, na tunaomba watu waache kuandika hivyo. Biashara ya ng'ambo yenye ushahidi wa kutosha ni ile ya mabaharia wa Makassar, kisiwani Sulawesi, waliokuwa wakija na pepo za kaskazini-magharibi kuvuna majongoo bahari, kuyachemsha na kuyakausha kwa soko la China, mpaka serikali ilipowafungia njia mnamo 1907. Mikwaju waliyoiacha ingali imesimama kwenye fuko hizo, na neno balanda, litokanalo na jina la Waholanzi, ndilo ambalo wenyeji humwitia mzungu hadi leo.

Arnhem Land ni pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Northern Territory, yenye kilomita za mraba zipatazo 97,000, eneo linalozidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Magharibi kuna majabali ya mchanga yenye michoro ya kale, pwani kuna mikoko na mamba wa maji ya chumvi, na wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, barabara nyingi hukatika. Wakazi wake si kabila moja. Magharibi wako Bininj, mashariki wako Yolngu, na katika mji mdogo wa Maningrida peke yake husikika lugha zaidi ya kumi. Kwa Yolngu kila kitu, kuanzia mtu na mnyama hadi upepo na ufuko, ni cha upande wa Dhuwa au wa Yirritja, na mtu huoa upande usio wake.

Ardhi hiyo ilitengwa kwa ajili ya wenyeji mwaka 1931. Mwaka 1963 serikali ilipotoa eneo la Yirrkala kwa uchimbaji wa boksiti, mawe yanayotoa alumini, wazee walipeleka Bungeni malalamiko yaliyobandikwa juu ya magome ya mti yaliyochorwa nakshi za koo zao, kwa sababu kwao nakshi ndiyo hati ya shamba. Walishindwa mahakamani mwaka 1971, lakini sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976 iliwapa umiliki, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba hata maji yanayojaa na kupwa juu ya ardhi yao yako chini ya mamlaka yao. Kwa hiyo anayefika ufukoni kwa mashua anahitaji ruhusa sawa na anayefika kwa gari.

Kibali huombwa kwa Northern Land Council, baraza linalowawakilisha wenye ardhi. Mwombaji hueleza majina ya wasafiri wote, gari, njia, tarehe na sababu ya safari, na inafaa kuomba angalau siku 10 za kazi kabla, kwa kuwa ofisi hulazimika kuwauliza wenye ardhi wenyewe. Kibali cha kupita njiani si kibali cha kupiga kambi, na kibali cha matembezi hakiruhusu kuchimba wala kuokota kitu. Kunapotokea msiba, eneo linaweza kufungwa hata kwa mwenye kibali mkononi, na hapo hakuna cha kubishana.

Kuhusu picha, nukta zinazoulizwa ni za jangwani katikati ya Australia, zilikoanzia katika kijiji cha Papunya mwaka 1971. Mchoraji wa Arnhem Land hubandua gome la mkalitusi wakati wa mvua, utomvu ukiwa mwingi, akaparua sehemu ya nje, akalipasha moto hadi litoe mvuke, kisha akalilaza chini ya mawe kwa siku kadhaa linyooke. Rangi ni ngeu (udongo mwekundu), udongo wa manjano, udongo mweupe na mkaa. Brashi ni nywele chache zilizofungwa kwenye kijiti, na kila mstari mwembamba huvutwa polepole kwa pumzi moja, mamia kwa mamia, yakipishana mpaka gome linang'aa. Umbo la almasi la ukoo wa Gumatj ni moto wao; asiye na haki nalo halichori, hata akiwa fundi kuliko wote.

Mwaka 1994 mahakama ilitoza fidia ya dola 188,000 za Australia kwa mazulia yaliyofumwa Vietnam kwa nakshi zilizoibwa kwa wasanii wenyeji. Mchoraji mmoja wa Yirrkala, ambaye kwa heshima ya marehemu simtaji jina, aliogopa zaidi wazee wake kuliko hasara ya fedha, kwani chemchemi takatifu ya ukoo wake ilikuwa inakanyagwa sebuleni kwa watu. Mwaka 2019 kampuni iliyouza vitu vya ukumbusho vilivyotengenezwa Indonesia kama kazi ya wenyeji ilitozwa dola milioni 2.3.

Sanaa iliyotengenezwa kwa kuuzwa inaruhusiwa kununuliwa, ikiwemo magogo ya mazishi yanayochongwa kwa ajili ya majumba ya sanaa. Vifaa vya siri vya ibada, na majeneza ya magome au magogo yaliyokwisha kutumika katika mazishi, haviwezi kupewa kibali cha kutoka nchini, na anayevitoa anaweza kufungwa hadi miaka 5. Kwa picha, nunua katika vituo vya wasanii wenyewe, kama Buku-Larrnggay Mulka huko Yirrkala au Injalak huko Gunbalanya, na udai cheti kinachoonyesha jina la msanii, ukoo wake, mahali na maelezo ya mchoro. Picha ikiuzwa tena kibiashara kwa dola 1,000 au zaidi, asilimia 5 ya bei humwendea msanii au warithi wake, kwa hiyo cheti hicho na risiti vihifadhiwe pamoja na picha.