Je, wajua vile vifundo vya tope kwenye uwanja wa gofu vinatoka wapi?

Ukipita kwenye uwanja wa gofu asubuhi baada ya mvua ya usiku, utakuta nyasi zimejaa vifundo vya udongo laini vilivyojikunja kama tambi, na wengi wanadhani ni kazi ya mchwa, kumbe ni kinyesi cha nyungunyungu. Anameza udongo pamoja na majani yaliyooza, tumbo linachukua chakula chake, kinachobaki anapanda nacho hadi mdomoni mwa shimo anakiacha hapo. Sio nyungunyungu wote wako hivyo, aina nyingi zinamalizana na mambo yao hukohuko chini, ni chache tu ndo zinapanda juu, ikiwemo yule mkubwa, Lumbricus terrestris.

Kinyesi chenyewe ni mbolea nzuri tu. Balaa linaanza mashine ya kukatia nyasi ikipita juu yake kikiwa kibichi, kinapakaa chote juu ya majani, majani yanakosa mwanga yanakufa, halafu pale panabaki kiraka cha tope ambapo mbegu za magugu zinaota bila shida. Na visu vya mashine vinakuwa butu, na mpira wa gofu ukigonga kifundo unapinda njia.

Sasa si wawaue tu? Walishajaribu. Uingereza walitumia sana klodeni, sumu inayokaa udongoni miaka na miaka, ikaja kupigwa marufuku 1992, na mimi naona ilichelewa, maana mashimo ya nyungunyungu ndo yanashusha maji ya mvua chini na kuingiza hewa kwenye mizizi, ukiwamaliza wote ardhi inagandamana, maji yanatuama, unaishia kuleta mashine itoboe matundu waliyokuwa wanakutobolea wao. Mwanasayansi Charles Darwin mwaka 1881 aliandika kwamba sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu kwa ekari hupita matumboni mwao kila mwaka. Tani kumi!

Kwa hiyo kinachofanya kazi ni subira. Usiguse vikiwa vibichi, subiri vikauke, upepo na jua vikishapita unaburuza brashi au mnyororo vinasambaratika vyenyewe kuwa vumbi linalorudi kwenye nyasi, ndo unakata. Halafu unawapunguzia hamu ya kuja juu: majani uliyokata unayaokota maana ndo chakula chao, na unamwaga mchanga tabaka jembamba kila msimu, huo mchanga unawakwaruza ngozi na juu panakauka haraka (hili linataka miaka, sio wiki). Wengine wanatumia mbolea ya amonia salfeti, inaongeza asidi kidogo na nyungunyungu hawaipendi, ila ukizidisha nyasi nazo zinaumia. Kuna na unga wa mbegu za chai, una saponini, kemikali inayotoa povu kama sabuni, inayowawasha wakatoka nje wenyewe, lakini saponini hiyohiyo inaua samaki, mi nisingethubutu kuuweka karibu na bwawa.

Na kama wewe ni mchezaji, sheria ya gofu namba 15.1 inakuruhusu kukiondoa kifundo kilichokuzuia, mradi mpira wako usisogee, maana ukisogea nje ya grini (pale penye nyasi fupi kabisa kuzunguka shimo) unaongezewa pigo moja na unaurudisha ulipokuwa.