Je, wajua ugonjwa wa Alzheimer unaanza miaka mingi kabla mtu hajasahau kitu?

Bibi yetu mzaa mama alianza kwa kuuliza kama chai imeiva. Ukimwambia imeiva anashukuru, anakaa dakika mbili anauliza tena, na mwaka haujaisha akawa anamwita mama kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Tangu hapo mama akisahau funguo tu namwona anasimama kimya, mkono bado uko ndani ya pochi, na najua anachowaza. Manake sisi sote tunawaza hicho hicho, hivi hii kitu inarithiwa, na kama mtu kairithi inaanza lini?

Jibu la wazi zaidi nililowahi kukutana nalo linatoka Colombia, mkoa wa Antioquia, Medellín na miji ya milimani kama Yarumal. Kuna ukoo mmoja kule watu walikuwa wanapoteza kumbukumbu wakiwa na miaka arobaini na kitu, wenyewe wanauita ugonjwa huo la bobera, yaani uzuzu, na wengi waliamini ni laana, kama huku kwetu mtu anavyokimbilia kusema mzee karogwa. Daktari Francisco Lopera, mwenyeji wa huko huko, kuanzia miaka ya 1980 akawa anapita nyumba kwa nyumba anauliza nani kamzaa nani, anafukua madaftari ya zamani ya kanisa, mpaka ukoo ukafika watu kama 6,000 hivi. Miaka ya 1990 jeni yenye kasoro ikajulikana (jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), inaitwa PSEN1, iko kwenye kromosomu ya 14, moja ya nyuzi zinazobeba jeni zetu. Mzazi mmoja akiwa na hiyo kasoro basi kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, na aliyeipata huanza kusahau akiwa na miaka kama 44, akifika 49 ugonjwa umeshakolea.

Sasa kwa kuwa walishajua nani ataugua na karibu atakuwa na umri gani, wakaweza kuchungulia mapema, na walichokiona kinatisha kwa kweli. Kwenye miaka 22, kijana yuko chuo anacheza mpira hasahau chochote, damu yake inaanza kuonyesha vipande vya protini vinavyovuja kutoka kwenye nyuzi za neva zinapoumia. Kwenye 28 hivi skani ya ubongo inaanza kuonyesha amiloidi, huu ni uchafu wa protini unaoganda nje ya seli, kati ya seli na seli, kama masizi kwenye sufuria. Karibu na 38 inaonekana tau, protini nyingine, hii inajisokota ndani ya seli yenyewe mpaka seli inakufa. Halafu ndo kusahau kunakuja. Yaani siku ile bibi anauliza chai mara ya tano, ubongo ulishapigana vita miaka na miaka, ila una akiba kubwa ndo maana hatukuona.

Lakini tusichanganye mambo. Aina hii ya Colombia ni nadra sana, haifiki asilimia 1 ya wagonjwa wa Alzheimer. Wengi huugua baada ya miaka 65, na jeni inayotajwa sana ni APOE4, aina moja ya jeni iitwayo APOE, ambayo inaongeza hatari tu, haihukumu, na hata nguvu yake si sawa kwa watu wote: pale Ibadan, Nigeria, walipowafuatilia wazee wa Kiyoruba na kuwalinganisha na Wamarekani weusi wa Indianapolis, kwa Wayoruba haikuonyesha uzito ule, na ugonjwa wenyewe ulikuwa chini kama nusu. Kuna pia utafiti wa New York wa 2007, watu wenye afya, wasio na dalili, ambao mama zao waliugua Alzheimer, ubongo wao ulikuwa unatumia sukari kidogo kuliko wale ambao baba ndo aliugua. Hiyo iliniuma, siwezi kuficha. Ila kumbuka hao hawakuwa wagonjwa.

Na kule kule Colombia kulikuwa na mama mmoja mwenye kasoro ya PSEN1, amiloidi imejaa kichwani, na bado alikaa vizuri mpaka miaka ya sabini! Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba alirithi mabadiliko mengine adimu kwenye APOE, kutoka kwa baba na kwa mama, na tau yake ilikuwa kidogo. Kumbe kwenye damu ile ile ya ukoo ilikuwepo na kinga.

Kipimo cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa huu kipo, Marekani walikiruhusu Mei 2025, ila ni cha watu wa miaka 55 kwenda juu ambao tayari wana dalili, kwa hiyo usikimbilie kupima kwa woga. Mzee akianza kusahau mpeleke hospitali waangalie na vitamini B12 na tezi ya shingo, kwa sababu hizo nazo zinaleta kusahau na zinatibika. Presha, sukari, masikio yasiyosikia vizuri, sigara, hayo yote yanaongeza hatari na yanashikika. Mama tumempima presha Jumamosi, 150 kwa 95, na wiki ijayo tunarudi naye kliniki.