Eneo lenye viashiria vya shaba: maana yake, na mfano wa Kamoa

Eneo lenye viashiria vya shaba ni kipande cha ardhi kilichowapa wanajiolojia sababu ya kukitafiti zaidi: jiwe lenye ukijani, udongo wenye shaba kuliko kawaida, au mwamba wa aina ambayo kwingineko imewahi kubeba shaba. Hapo bado hakuna mgodi. Hata rasilimali haijahesabiwa, maana hiyo huhesabiwa baada ya kuchoronga mashimo mengi, yaliyokaribiana kiasi cha kujua unene wa tabaka, upana wake na asilimia ya shaba. Rasilimali nayo si akiba. Akiba ni ile sehemu iliyothibitishwa kwa hesabu kwamba kuichimba kunalipa. Ukiletewa leseni inayouzwa kwa maneno "hapa kuna shaba", uliza kwanza yamechorongwa mashimo mangapi.

Kiashiria kinachojulikana na wengi ni malakaiti, madini ya kijani ambayo takriban 57% ya uzito wake ni shaba. Lakini si kila kijani ni shaba: kloraiti na epidoti, madini yasiyo ya shaba, pia ni kijani. Kuna jaribio la haraka. Dondosha asidi hafifu ya hidrokloriki juu ya jiwe. Malakaiti hutoa povu. Kisha chovya msumari safi wa chuma kwenye tone hilo. Kama kuna shaba, ncha hupata utando mwekundu baada ya muda mfupi. Hata hivyo, utando mwembamba wa malakaiti kwenye ufa unaweza kuwa umeletwa na maji kutoka mbali, na chini yake pakawa patupu.

Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndiko somo hili linakoonekana vizuri. Karne nyingi kabla ya ukoloni, wahunzi wa huko waliyeyusha malakaiti na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita mwaka 1892 akiyaandika maeneo hayo, na kampuni ya uchimbaji ya Union Minière ikaundwa 1906. Kwa miaka mingi utafutaji ulifuata vilima vya kijani na miamba ya dolomaiti (jamii ya chokaa) kama ya mji wa Kolwezi.

Kamoa, magharibi ya Kolwezi, haikuwa na kilima cha kijani. Sehemu kubwa imefunikwa na mchanga wa Kalahari, na shaba yake imo katika mwamba mwingine kabisa: mchanganyiko wa tope na kokoto ulioachwa na barafu zaidi ya miaka milioni 650 iliyopita. Chini ya mwamba huo kuna tabaka la mwamba wa mchanga. Maji ya chumvi yenye shaba yalipita kwenye mchanga huo, yakakutana na pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, iliyomo kwenye ule mwamba ulioachwa na barafu. Shaba ikanaswa hapo. Ndiyo maana utajiri uko kwenye kitako cha tabaka: chini kabisa kalkosaiti (shaba karibu 80%), juu yake bornaiti (63%), kisha kalkopairaiti (35%), mwisho pairaiti tupu.

Na kwa nini juu hapakuwa na kijani? Pairaiti ikipata maji na hewa hutoa asidi ya salfa, na asidi hiyo huiyeyusha shaba na kuishusha chini. Kwenye dolomaiti asidi huzimwa na shaba hubaki juu kama malakaiti. Kwenye mwamba wa Kamoa hakuna cha kutosha cha kuizima. Kwa hiyo Kamoa ikatambuliwa 2008 tu, na Kakula, tajiri zaidi, ikapatikana jirani yake 2016. Uzalishaji ulianza Mei 2021.

Upande wa kuchoronga ndiko makosa hugharimu. Mtambo wa kuchoronga wenye bomba lililotiwa almasi kwenye ncha ya kukatia hutoa kori, yaani mche wa mwamba. Kori ya saizi iitwayo NQ ina kipenyo cha milimita 47.6. Kori hupasuliwa katikati kwa msumeno, nusu ikaenda maabara, nusu ikabaki sandukuni kwa ukaguzi. Kalkosaiti ni nyeusi-kijivu, na ikiwa ya unga unga huoshwa kirahisi na maji ya mtambo. Kori ikitoka pungufu mahali hapo, asilimia itakayoandikwa haitakuwa ya kweli. Katika kundi la sampuli changanya pia mawe yasiyo na shaba na sampuli za kiwango kinachojulikana, ili kama maabara imechafua au imekosea, ionekane.

Kisha pembe. Shimo likipita tabaka kwa mshazari wa digrii 60 kutoka kwenye mstari unaokata tabaka lenyewe kwa pembe ya digrii 90, mita 10 za kori ni mita 5 tu za unene halisi. Ripoti ikitaja mita 10 bila kutaja pembe, rudi uangalie mchoro wa shimo kabla ya kuzidisha chochote.