Kwaya imtukuze Mungu: mambo ya kupanga kabla ya Jumapili

Bwana asifiwe, walimu wenzangu wa kwaya.

Hapa Moshi hakuna kwaya isiyosema inaimba kwa utukufu wa Mungu. Imeandikwa kwenye kalenda zetu, kwenye mabango ya uzinduzi, hata mgongoni mwa fulana za safari. Ukiwauliza waimbaji, wengi watakujibu hivyohivyo, na wanasema kweli. Shida haiko sana kwenye nia. Iko kwenye mambo madogo ya ufundi ambayo mwalimu ameyaacha yajipange yenyewe: nani anashika maiki, sauti imetolewa juu kiasi gani, nani anasalimia, na nini kinafuata wimbo ukiisha. Ukiyaacha hayo, sifa itaelekea kwa watu hata kama mioyo yote ni safi. Ndiyo maana mwanakwaya mpya simwanzii na somo la unyenyekevu. Naanza na mpangilio.

Kabla ya hapo, kuna kisingizio nataka tukiondoe njiani. Utasikia, "Mungu anaangalia moyo," halafu mazoezi yanakuwa ya saa moja Jumamosi jioni. Jamani, kuimba vibaya kunavuta macho kwa mwimbaji kuliko kuimba vizuri. Sauti ya tatu ikichelewa kuingia, kanisa zima linageuka kutafuta ni nani. Sauti ya pili ikishuka, msharika anaacha kusikiliza Zaburi na kuanza kuwaonea ninyi huruma. Wimbo uliofanyiwa kazi ndio unaomwacha asikie maneno na kuwasahau waimbaji. Kitabu cha kwanza cha Nyakati, sura ya 15, kinasema Kenania, mkuu wa Walawi, aliwekwa kufundisha kuimba kwa sababu alikuwa stadi. Na Bach, yule aliyekuwa mwalimu wa muziki wa kanisa kule Leipzig kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, aliandika S.D.G. (Soli Deo Gloria) mwishoni mwa kazi zake nyingi, yaani utukufu kwa Mungu peke yake. Bach huyohuyo mwaka 1730 aliwaandikia wakuu wa mji akidai waimbaji wa kutosha: wasipungue 12, watatu kila sauti, na bora zaidi wawe 16. (Ni mji huohuo wa Leipzig uliotuma wamisionari wa Kilutheri hapa Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo tusijifanye hatuhusiki.)

Sasa tuingie kazini. Andiko ninalolipa uzito kuliko yote kwa kwaya ni 2 Nyakati 5:13-14. Wapiga parapanda na waimbaji walikuwa kama mtu mmoja, wakasikizisha sauti moja, ndipo nyumba ikajaa wingu hata makuhani hawakuweza kusimama kuhudumu. Sauti moja haiji kwa maombi peke yake. Inatengenezwa, na sehemu ngumu kuliko zote ni pumzi.

Kwaya isiyofundishwa inapumua yote pamoja, mwisho wa kila mstari, na wimbo unakatikakatika. Wenye mapafu makubwa wanashikilia nota peke yao wenzao wakiwa wamenyamaza, na hapo ndipo mtu anajulikana. Dawa yake ni kuiba pumzi kwa zamu. Chukua sauti moja, wape namba 1, 2, 3, 1, 2, 3 kama walivyosimama. Wenye 1 wapumue kwenye silabi ya pili ya mstari, wenye 2 katikati, wenye 3 karibu na mwisho. Mwisho wa mstari wenyewe asipumue mtu, isipokuwa maneno yanadai kituo. Anayetoka apunguze sauti kwanza ndipo avute pumzi. Anayerudi aingie kwa sauti ndogo kwenye irabu ileile wanayoishikilia wenzake, kisha aongeze. Wengi wanakosea kwenye kurudi: mtu ameshavuta pumzi ya kutosha, anaingia kwa kishindo, na ule mshono unasikika. Zoezi ni kushikilia "a" moja kwa sekunde 40 kwaya nzima, mwalimu akiwa amefumba macho. Akiweza kuonyesha kwa kidole ni nani ameingia, wanarudia. Baada ya wiki nne hivi za dakika tano kila zoezi, wengi wanaweza. Na utaona jambo: mtu aliyezoea kusikika hukasirishwa na zoezi hili kuliko mwingine yeyote. Usimhubirie. Mpe namba yake, zoezi liendelee.

Irabu zetu ni tano tu, ni neema kwa mwalimu. Lakini "e" ya mmoja ikiwa wazi na ya jirani yake ikabana, hazichanganyiki hata nota ikiwa sahihi. Simamisha wimbo kwenye neno moja, "Bwana" kwa mfano, imbeni ile "a" ya mwisho hadi midomo yote ifunguke sawa. Kanuni ya kila siku ni hii: usipomsikia jirani yako wa kulia na wa kushoto, unaimba kwa nguvu mno.

Idadi nayo inasema. Kwaya ya watu 30 mimi naipenda ikiwa na 9 sauti ya kwanza (soprano), 8 ya pili (alto), 6 ya tatu (tenor) na 7 ya nne (besi). Wanaume wa sauti ya tatu ni wachache kila mahali, tunajua. Wakiwa wawili tu, usiwape maiki ili walingane na soprano kumi; wapunguze soprano. Ukiwaongezea umeme, hao wawili wanakuwa wasanii na wengine wanakuwa mapambo.

Hilo linatuleta kwenye maiki, ambako utukufu mwingi hupotelea. Mtindo uliozoeleka ni maiki nne za mkononi kwa watu wanne walio mbele. Matokeo yake kanisa linasikia watu wanne, kwaya iliyobaki inaonekana lakini haisikiki, na wale wanne wanalijua hilo. Mkiwa na kanisa la watu 300 hivi na kwaya ya 30, mara nyingi hamhitaji maiki kabisa. Mkihitaji, tumieni mbili za kusimama, zile zinazovuta sauti kutoka mbali. Ziwekwe kama mita moja mbele ya safu ya kwanza, zimeinuliwa juu ya vichwa vyao na kuelekezwa safu ya kati. Kati ya maiki na maiki muache mita tatu: umbali huo uwe angalau mara tatu ya ule wa maiki na mwimbaji, la sivyo sauti moja inaingia kote mbili, na zinakulana hadi kwaya inasikika kama iko ndani ya pipa. Spika zikae mbele ya maiki, si nyuma yake. Zikikaa nyuma zitalia tu. Fundi mitambo ahudhurie zoezi la mwisho, maana Jumapili asubuhi hamtakuwa na muda wa kubishana naye. Masika mvua ikipiga bati, msishindane nayo kwa kuongeza sauti. Acheni wimbo wenu, anzisheni tenzi ambayo wote wanaijua, usharika uimbe.

Solo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni solo kuwa ya mtu mmoja mwaka mzima. Kila solo ifundishwe kwa watu wawili, nao wapokezane Jumapili kwa Jumapili. Anayeimba abaki kwenye safu yake, maiki isogezwe kwake, sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni. Madoido yasiwepo kwenye ubeti wa kwanza. Watu bado wanajifunza maneno. Kwenye ubeti wa pili au wa tatu anaweza kupamba kidogo, lakini si kwenye neno linalobeba ujumbe. Akipamba jina la Yesu hadi lisisikike, limebaki koo lake.

Kazi ya kwaya ya ibada ni usharika uimbe, na hapa walimu wengi tunateleza kwa kutoa sauti juu. Ufunguo (kimo cha wimbo) unaomfanya mwimbaji wako bora ang'ae ndio unaowanyamazisha akina mama wa benchi la nyuma. Kwa tenzi ya watu wote, nota ya juu kabisa iishie D, basi. Wimbo ukipanda hadi nota ya la tu, weka do (nota ya msingi ya wimbo) kwenye F. Ukifika do ya juu, weka do kwenye C au D. Ukifika mi ya juu, shusha do hadi B-flat. Dalili kwamba umekosea ni wanaume kuanza kuunguruma chini na akina mama kusitasita kufikia ubeti wa pili. Mwendo uwe ule ambao mzee wa miaka 70 anaweza kumaliza mstari kwa pumzi moja. Ubeti wa tatu kwaya ipunguze sauti makusudi, mwalimu asikilize. Usharika ukisikika juu ya kwaya, kazi imefanyika. Kama kumekuwa kimya, kwaya ilikuwa inaimba peke yake tangu mwanzo. Wapiga matarumbeta nao, ambao hapa Kilimanjaro tumebarikiwa nao, wapige ubeti wa kwanza kisha waache watu waimbe mmoja bila wao.

Uchaguzi wa nyimbo una kipimo chake. Chukua maneno na penseli, pigia mstari kila kitenzi, kisha uliza ni nani anayetenda. Wapo wanaohesabu "mimi" na "sisi" tu, nayo si haki, maana Zaburi zimejaa "mimi". Angalia Zaburi ya 23: "mimi" yupo, lakini anayelaza, anayeongoza na anayehuisha ni Bwana. Wimbo ambao vitenzi vyake vyote ni vyetu, tumetoka mbali, tumeshinda, tumewazidi waliotucheka, ni wimbo wa kujisifu uliovaa joho. Na kiitikio kinachotaja jina la kwaya kiondoeni. Isaya 42:8 iko wazi, utukufu wake hampi mwingine, na sioni kwa nini kwaya yetu ipewe nafasi hiyo.

Salamu. Mnaijua: "Bwana Yesu asifiwe, sisi ni kwaya fulani kutoka mtaa fulani, tupo thelathini, wengine wamepata udhuru, tunamshukuru mchungaji kwa nafasi, mwalimu wetu ni huyu, na mwenyekiti wetu ni huyu." Dakika tatu zimekwisha, na aliyetajwa mara moja ni Bwana. Badala yake mmoja asimame, asome mstari mmoja wa Biblia unaobeba wimbo, mwalimu atoe sauti. Sekunde 20 zinatosha. Utambulisho uende kwenye matangazo, ambako ndiko kwake.

Wimbo ukiisha, mwalimu asigeuke kuinama mbele ya watu. Aweke mikono chini, ahesabu kimoyomoyo hadi tatu, atoe ishara na wote wakae pamoja. Mkipatana mapema na kiongozi wa ibada aingie moja kwa moja kwenye sala au somo, makofi hayapati mlango. Sisemi makofi na vigelegele ni dhambi. Katikati ya wimbo wa shangwe ni sehemu ya wimbo. Yale ya mwisho, baada ya kimya, ndiyo yanayopelekwa kwa watu. Na wanaokuja kutunza, kapu liwekwe pembeni karibu na madhabahu, si miguuni pa mwimbaji wa solo, wala mtu asibandike noti kwenye sare. Fedha yote iingie kwa mtunza hazina wa usharika siku hiyohiyo, ihesabiwe na watu wawili. Kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, kama kwaya ndiyo inayonadi, itajwe ndizi na bei. Tusishindanishe majina ya wanunuzi.

Desemba ni mtihani wa peke yake. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, makanisa ya mlimani yanajaa hadi nje, familia zinatoa shukrani, na kila kwaya inachagua wimbo wake mgumu kuliko yote ili wageni waone. Fanyeni kinyume. Imbeni wimbo mmoja wa kwaya usiozidi dakika nne, na nafasi ya wa pili mwape wageni tenzi wanayoijua tangu utoto. Familia inayotoa shukrani ikiomba kuandikiwa maneno ya kusoma, mwandikie ianze na alilotenda Mungu: amemponya nani, amemvusha nani. Gari jipya na nyumba iliyoisha vikibaki kwenye karatasi, vikae mstari wa mwisho.

Kuhusu kurekodi, mpiga picha wa video mwambieni kabla, maana akiachwa atafuata sura nzuri na sare inayong'aa. Kamera moja ichukue kwaya nzima muda wote, ya pili ichukue usharika unaoimba, na maneno ya wimbo yaandikwe chini ya picha kwa herufi kubwa. Majina ya waimbaji, mwalimu na aliyelipia studio yaje mara moja, mwishoni, na kwa ukubwa uleule kwa wote.