Mpira wa kifuani hauui, kuchelewa ndiko kunakoua

Hapa Bukavu, karibu kila familia inayomleta mgonjwa mwenye usaha kifuani huniuliza: "Docta, mukimtoboa, pumzi si itatoka yote afe?" Halafu wanaomba siku tatu wakaulize wazee kijijini, huko Walungu au Kabare. Siku tatu hizo ndizo zinazonichoma roho.

Mpira, yaani bomba la kutolea usaha, hautoboi pafu. Unapita kati ya mbavu, usawa wa kwapa, hadi pale usaha ulipojikusanya baada ya nimonia, yaani kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ganzi hutangulia. Ncha ya pili inazama kwenye maji ya chupa iliyo chini ya kitanda: usaha na hewa vinatoka, na maji yanazuia hewa ya nje isiingie.

Hofu hii haikuzuka bure. Mwaka 1918, kwenye kambi za jeshi la Marekani, askari wenye usaha kifuani walipasuliwa kifua wazi mapema mno, hewa ikaingia, mapafu yakanywea, wengi wakafa. Tume aliyokuwamo daktari Evarts Graham ikashauri usaha utolewe kwanza bila kukiacha kifua wazi, na vifo vikapungua sana. Ndiyo maana ya ile chupa ya maji.

Basi mbona wengine hufa wakiwa na mpira? Kwa sababu waliletwa wakati vijidudu vimeshaenea kwenye damu. Usaha wa siku za kwanza ni mwepesi, unatiririka. Ukiachwa wiki kadhaa unajigawa vyumba vyumba, kisha unaota gamba gumu linalolibana pafu. Hapo mpira hautoshi tena. Inabidi kifua kipasuliwe na gamba libanduliwe, kazi kubwa kwa mtu aliyekwisha kukonda.

Familia huniambia na mengine. "Sindano kali zitaukausha." Hapana! Dawa ni lazima, lakini haipenyi vizuri kwenye usaha uliofungiwa. Homa ikikaa siku tatu juu ya dawa, acheni kubadilisha famasi. Tafuteni picha ya kifua au ekografi, kipimo cha mawimbi ya sauti.

"Ni baridi ya Ziwa Kivu." Ni bakteria.

"Watamkata pafu." Kwa kawaida pafu linabaki, tena linafunguka upya.

"Alale tuli mpaka mpira utolewe." Kinyume kabisa. Mpeni dawa ya maumivu, kisha akae, akohoe, atembee, chupa ikiwa chini ya kifua muda wote, hata akienda chooni. Mtoto mununulieni puto, alipulize mara nyingi kwa siku.