Stoo imejaa mahindi, mtoto bado amedumaa

Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto unafanyika mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na kila ukikaribia hapa Moshi tunaanza kupokea lawama, nyingi zinatoka ukanda wa juu kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. "Afisa lishe, kwetu njaa hamna, ndizi zipo, ng'ombe yupo zizini, sasa mnatupimia watoto vya nini?" Naelewa mzazi anavyofikiria, ila jamani hili tulimalize.

Usalama wa chakula sio stoo kujaa. Kuna chakula kuwepo, kuna kaya kumudu kukipata, kuna kukipata mwaka mzima, alafu kuna mwili kukitumia, na hapo kwenye mwili ndo lishe inaingia na ndo wengi wanaparuka. Angalieni utafiti wa kitaifa wa 2022: watoto chini ya miaka 5 waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, nchi nzima ni 30%, lakini Iringa ni zaidi ya nusu, Njombe na Rukwa ni kama nusu, mikoa ileile inayotulisha mahindi.

Huku kwetu mama anaamka saa kumi na moja anakamua, maziwa yote yanaenda kwa mnunuzi, mayai na parachichi vinashuka sokoni Mbuyuni au Kiboriloni, jioni mtoto anakula ndizi tupu na chai ya rangi. Sisemi msiuze, ada ya shule inatoka hapohapo. Nasema kikombe cha maziwa na yai vibaki nyumbani kwa mama mjamzito na kwa mtoto aliyeshaanza kula, kwa sababu udumavu unajengeka ndani ya siku 1,000 tangu mimba inatungwa mpaka mtoto anafika miaka 2, zikipita hizo kuurekebisha ni kazi kubwa sana. Na chai msinywe pamoja na chakula, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kiburu, yaani ndizi na maharage, ukila na chungwa au papai, chuma ya kwenye maharage inaingia vizuri zaidi.

Sasa unga wa lishe. Hili linanichosha, nasema wazi. Mtu anachanganya mahindi, ngano, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, anapeleka mashineni, anajaza ndoo, mtoto ananyweshwa mwezi mzima eti una virutubishi vyote. Nafaka tano ni kundi lilelile moja la chakula! Soya isiyoiva vizuri inamzuia mtoto kumeng'enya protini, karanga ikishasagwa inachacha upesi, na karanga na mahindi ndo vinaongoza kwa sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na mahindi ya Manyara tunayala huku. Haionekani kwa macho kila mara, na kuchemsha hakuitoi. Chukua nafaka moja, mfano ulezi, pika uji, ukiwa jikoni ongeza maziwa au karanga uliyoichambua mbovu zikatoka na kuisaga siku hiyohiyo, basi.

Kwa wanaouza: usajili wa jengo na wa bidhaa ni TBS (Shirika la Viwango), tangu 2019 sio TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) tena, kwaiyo acheni kutuonyesha vyeti vya zamani. Kifungashio kiwe na jina la bidhaa, viambato vyote, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina na anwani ya mtengenezaji. Mkaguzi akifika anachukua sampuli inaenda maabara, sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Ikizidi mzigo unazuiliwa, unateketezwa kwa gharama zako mwenyewe, na unaweza kufikishwa mahakamani. Kuandika kwenye kopo kwamba unga wako unatibu utapiamlo nako ni kosa.

Siku ya zoezi njoo na kadi ya kliniki. Miezi 6 hadi 59 anapata matone ya vitamini A, kuanzia mwaka 1 dawa ya minyoo. Mkanda wa kupima mzunguko wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 huo ni utapiamlo mkali, anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, msianze kubishana na muuguzi, 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni wa kadiri, tutakupangia ufuatiliaji. Mtoto akiwa mnene mlete pia, tunapima na urefu, kwaiyo mvue viatu na kama amesukwa nywele juu mfumue kabla hamjatoka nyumbani.