Je, wajua kwa nini ubao wa ESP32 huwaka taa lakini kompyuta haiuoni?

Mpwa wangu wa Kisauni alinunua ubao wa ESP32, kijibao chenye chipu unayoiwekea programu yako mwenyewe, apime maji ya tangi la juu ya paa, maana kwao maji ya mfereji huja kwa zamu. Akauchomeka kwa waya wa chaji ya simu. Taa nyekundu ikawaka, kompyuta ikanyamaza. Siku mbili nzima akawa anafuta programu na kuziweka upya. "Mjomba, wameniuzia mbovu," akaniambia.

Ubao ulikuwa mzima. Kosa lilikuwa kwenye waya.

Waya wa kawaida wa USB huwa na nyuzi nne ndani. Nyekundu huleta umeme wa volti 5, nyeusi huurudisha, ya kijani na nyeupe hupitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa kuchaji tu, na hizo mbili za data hazimo kabisa. Umeme unafika, ndipo taa ikawaka, lakini ujumbe hauna pa kupita. Ukitaka kuupima waya, unga simu yako na kompyuta: ukiiruhusu simu kutoa faili na bado picha hazionekani, yaelekea waya huo ni wa chaji tu.

Tulipobadilisha waya, kompyuta ikauona ubao. Aliyeitikia, hata hivyo, hakuwa ESP32. Chipu hiyo, katika toleo lake la kwanza la mwaka 2016, haijui USB. Karibu na tundu la waya kuna chipu nyingine ndogo, mara nyingi CP2102 au CH340, ambayo ni mkalimani: inapokea USB na kuitoa biti moja moja kwa foleni. Kompyuta isipokuwa na draiva ya mkalimani huyo, yaani programu ya kuongea naye, utabaki gizani vilevile.

Sasa, ESP32 inajuaje kwamba inaletewa programu mpya, isiendelee na ya zamani? Hapa ndipo ninapopapenda. Kiwandani huchomwa ndani yake programu ndogo isiyofutika. Kila chipu inapoamka, programu hiyo huitazama pini ya GPIO0, mmoja wa miguu ya chipu. Ikiikuta na umeme, inaendesha programu iliyopo. Ikiikuta haina, inakaa kungoja mpya. Kompyuta, kupitia mkalimani, hutuma ishara mbili: moja huizima chipu na kuiamsha, nyingine huishusha GPIO0, yaani kuiondolea umeme, wakati huohuo. Katika baadhi ya mbao ishara hizo hupishana kidogo, na kwenye skrini unaona neno "Connecting" na vitone visivyokwisha. Hapo shika kitufe cha BOOT kilicho kwenye ubao kwa kidole mpaka upakiaji uanze. Unaishusha GPIO0 kwa mkono wako.

Na kwa kuwa programu ile ya kiwandani haifutiki, mtoto anaweza kukosea programu yake mara mia na ubao ukampokea tena. Nilimwambia hivyo mpwa wangu, maana alikuwa anaogopa kuugusa.

Alishika BOOT, programu ikapanda. Skrini ikajaa herufi za ajabu: ubao ulikuwa ukituma biti 115,200 kwa sekunde, kompyuta ikisoma kwa 9,600. Akabadilisha namba moja, na kina cha maji ya tangi kikaanza kujiandika, mstari baada ya mstari.